Pini Zilizobaki

Doa la kwanza Bibi Namvua alidhani ni uzi. Kipande cha uzi mwekundu kimeanguka sakafuni, basi, mambo ya kila siku kwa fundi wa nguo. Akainama kukiokota, hakikuokoteka. Akaona doa jingine mbele yake, na jingine tena, yamekwenda hadi jikoni, yakarudi, yakazunguka meza ya kukatia vitambaa, na mwisho wa madoa alikuwa amesimama Elinipa, mjukuu wake, anatazama dirishani ukungu unavyopanda kutoka bondeni.

"Eli, hebu inua mguu."

Mtoto akainua. Pini ilikuwa imezama kisiginoni mpaka kwenye kichwa chake cha njano.

"Imeingia saa ngapi?"

"Sijui, Bibi."

"Haikuumi?"

Elinipa akaitazama ile pini kama mtu anavyotazama mgeni wa jirani. "Naiona ipo," akasema. "Sawa tu."

Bibi Namvua akamkalisha, akaichomoa. Akaleta maji ya moto yenye chumvi, akamwosha kile kisigino, akaminya damu itoke vizuri. Chumvi kwenye kidonda kibichi, na mtoto hata unyayo hakuukunja. Aliyekunja uso alikuwa bibi.

Zamani kidogo, kabla ya kubandikwa kibandiko cha dawa, kazi ya kuokota pini katika nyumba ile ilikuwa ya Elinipa. Alikuwa hawezi kusimama. Alikuwa akilazwa mkekani chini ya meza na kisumaku chake kilichofungwa kwenye kijiti, anakipitisha huku na huku, na kila pini iliyomtangulia ikamchoma ilipigiwa kelele, "Ai! Bibi, pini zako!" Kelele zile nusu yake zilikuwa maumivu na nusu maringo. Wateja walizijua.

Sasa mtoto anatembea, na kelele hakuna.

Kibandiko chenyewe kilikuwa chini ya bega la kushoto, duara la kijivu lisilozidi kifungo cha koti. Bibi Namvua alikitazama wakati anafunga kisigino kwa kitambaa. Hakusikia hasira, wala hakusikia hofu. Tangu alipomzika Nanzia, mama wa mtoto huyu, mambo mengi yalikuwa yakimfikia yamekwisha kupoa.

*

Alasiri akaingia Mzee Sifaeli na suruali begani. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Bibi Namvua, kwa hiyo kwa Elinipa ni babu, na kama mnavyojua babu na mjukuu hawaachani salama.

"Hodi humu kwa wezi wa vitambaa!"

"Karibu, shemeji. Imekuaje tena hiyo suruali?"

"Imebana tumbo. Lile kabati la kuchapa nguo nyumbani limenichapia juzi tu, ati limenipima vizuri. Limenipima vizuri saa ile. Nimekula makande, basi, haifungi."

"Nguo ya kabati haina pindo," akasema Bibi Namvua, akaigeuza ile suruali ndani nje. "Inakutosha leo. Kesho si shida yake."

Ndiyo maana cherehani yake ilikuwa bado inaliliwa pale Usangi, ingawa kila nyumba ilikuwa na kabati lake ukutani. Mama mwenye mtoto anayekua bado alitaka nguo yenye pindo, ya kuteremshwa mwaka hadi mwaka.

Mzee Sifaeli akamgeukia Elinipa. "Na wewe, mwizi wa pini, mbona hunisalimii? Umeota miguu umeota na kiburi?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia shuleni unakimbia kama mbuzi aliyeona chui."

"Ndiyo, babu."

Mzee akangoja. Mwaka uliopita, kwa neno kama hilo, angejibiwa kuwa mbuzi ni yeye, tena mbuzi mzee, ndevu zote na meno hana. Akangoja zaidi. Elinipa alikuwa anamtazama kwa adabu, mikono imekaa magotini, mpaka yule mzee mwenyewe akaanza kuvuta vuta ukosi wa shati.

"Nimekutania, mjukuu wangu."

"Sawa tu, babu."

Mzee Sifaeli akasogea karibu na cherehani, akashusha sauti. "Namvua. Huyu mtoto mmemfanya nini?"

"Tumemsimamisha," akajibu Bibi Namvua. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali lakini cherehani haikwenda.

*

Daktari Mshana alipanda siku ya pili yake kwa gari la kamba, lile lipitalo hewani kwenye waya, kutoka Mwanga, kijana mrefu anayeinama kila mlango hata usiogusa kichwa chake. Bibi Namvua alikuwa hana neno baya juu yake. Tangu siku ya kwanza hakumficha kitu.

Siku hiyo ya kwanza, kabla ya kibandiko, alikuwa amekaa pale pale mezani, akaomba vipande vya khaki na pini.

"Bibi, mwili ni seli nyingi, na ndani ya kila seli kuna kitabu kikubwa kisichotoka chumbani. Seli ikitaka kujenga kitu, inatoa nakala ya ukurasa. Hiyo nakala ndiyo tunaiita ujumbe. Unakatwa sehemu zisizotakiwa, zilizobaki zinaungwa." Akapanga vipande vya khaki, akaviunga kwa pini. "Na kila penye kiungo panaachwa pini. Hivi. Halafu anakuja msomaji. Anaanza mwanzo, anasoma huku anajenga protini, kama wewe unavyopitisha mshono. Akikuta pini anaichomoa, anaendelea. Akikuta neno la kusimama, anasimama. Ujumbe mzima, neno hilo liko mwishoni kabisa, na pini zote zimeshatoka."

"Na ujumbe mbovu?"

"Neno la kusimama limeandikwa katikati kwa makosa. Msomaji anasimama hapo. Tazama mbele yake."

"Pini zimebaki."

"Zimebaki. Sasa seli ina mlinzi. Mlinzi hajui kusoma. Anaangalia tu: msomaji kasimama, na mbele bado kuna pini? Basi hapa kuna kosa. Anaita wakataji, ujumbe unachanwa." Akaishika ile khaki akaichana, chwaa.

"Hiyo ilikuwa kola ya mtu," akasema Bibi Namvua.

"Yesu wangu! Samahani, bibi."

"Endelea. Nitakata nyingine."

Daktari akaweka vipande mezani taratibu. "Ujumbe wa misuli ya Elinipa una neno la kusimama mahali pasipo pake. Mama yake alikuwa nalo pia. Protini ingetoka pungufu, lakini pungufu hiyo ingetosha kumsimamisha. Tatizo mlinzi hajui kipi kinatosha. Anajua pini tu. Anachana zote."

"Kwa hiyo kibandiko kinamfukuza mlinzi."

"Kinamlaza usingizi."

"Na makosa mengine? Yeye si mlinzi wa miguu peke yake."

Daktari alimtazama usoni, na kwa hilo Bibi Namvua alimwamini. "Ni wa mwili wote. Seli inakosea nakala kila siku, yeye anachana. Na hata ujumbe mwingine mzuri anaupunguza usizidi, hasa kwenye ubongo. Akilala, hivyo vyote vinapita. Kwa muda mfupi tumeona hakuna neno. Muda mrefu, bibi, sitakudanganya, hatujui."

Mkekani, chini ya meza, sauti ikapaa: "Mimi nataka! Nibandikeni! Nataka kwenda kumpiga Babu Sifaeli mwenyewe!"

Wakacheka wote wawili, daktari na mtoto. Ndivyo kibandiko kilivyoingia nyumba ile. Elinipa aliposimama, Bibi Namvua alimpima sare amesimama, futi kutoka begani mpaka gotini, akamshonea na pindo pana la kukulia. Majirani walilia kwa furaha. Yeye alikata uzi kwa meno, akaanza nguo nyingine.

*

Sasa Daktari Mshana alipitisha kioo chake cha kuonea ndani ya mwili juu ya kisogo cha mtoto, kisha kisiginoni, kisha kwenye vidole. Kwenye kioo palionekana vijidoa vya kijivu kama majivu yaliyomwagwa kwenye maziwa.

"Hivi ni ujumbe ambao ungechanwa," akasema. "Umesomwa, umejengwa. Vitu visivyo na kazi vimejaa njiani."

"Ganzi inatoka hapo?"

"Inatoka hapo. Imeanzia miguuni na mikononi. Lakini hii ya sawa tu, sawa tu, si ya miguu. Imeshafika ndani."

"Ndani wapi?"

Daktari akatafuta neno, akakosa la kitabuni. "Pale mtu anapojali."

Bibi Namvua akachukua kitambaa akaanza kukikunja, ingawa kilikuwa hakina haja ya kukunjwa. "Kikibaki?"

"Atatembea. Kifua chake kitakuwa na nguvu, anaweza kuzeeka. Lakini huku ndani patazidi kufa ganzi."

"Kikitoka?"

"Mlinzi ataamka, atasafisha. Atarudi kuwa yeye. Miguu itakwenda. Baada ya miaka, na kifua."

"Kama Nanzia."

"Kama mama yake, ndiyo."

"Katikati hakuna? Leo kibandikwe, kesho kitolewe?"

"Kwingine walijaribu. Mlinzi anayelazwa na kuamshwa ovyo, mwisho haamki sawasawa. Tunaweza kukitoa, na kukirudisha mara moja. Zaidi ya hapo sithubutu." Akakiweka kioo mfukoni. "Na neno la mwisho si langu wala si lako. Ametimiza miaka kumi, kwa sheria ya sasa ni lake. Elinipa, unataka kibandiko kibaki?"

"Sawa."

"Au unataka tukitoe?"

"Sawa tu, daktari."

Daktari akashusha pumzi. "Kisheria jibu la kwanza ndilo linaloandikwa."

"Umemuuliza nani?" akasema Bibi Namvua.

"Mjukuu wako."

"Umekiuliza kibandiko."

"Bibi, nisikilize. Nikikitoa atalia. Ataogopa, ataumwa. Tukimuuliza wakati huo, tutakuwa tumeuliza woga. Nani kati yao ndiye Elinipa, unaweza kuniambia?"

Bibi Namvua akakiweka kile kitambaa mezani. Nje gari la kamba lilipita kwenye waya, likavuma, likaisha. Hata kumwuliza mtoto tu kulikuwa na hatari yake, na aliiona: akimrudisha yule mwenye kelele, huyo anaweza kusema kitoke, na mtoto atakayezeeka atakuwa amepotea. Kwa upande huu alikuwa na mjukuu aliye hai ambaye hayupo. Upande wa pili alikuwa na kitanda kile kile alichomlazia Nanzia.

"Sijui yupi," akasema mwisho. "Lakini aliyekubali kibandiko ni yule wa mkekani. Yule alijua anachotaka. Arudi aseme mwenyewe."

Akanyanyua mkono wa sare, akaweka ukucha chini ya lile duara la kijivu, akalibandua. Elinipa akatazama, wala hakuuliza. Daktari hakumzuia, jibu akaliacha bila kuliandika; akalitia lile duara kwenye kichupa, akakikabidhi kwa bibi. Bibi akakitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

*

Kuna jambo ambalo daktari alisema wakati anaondoka, mguu mmoja uko nje, na bibi hakulishika vizuri mpaka alipoliona. Ujumbe mbovu mlinzi anauchana upesi, lakini misuli iliyokwisha kujengwa haibomoki upesi hivyo. Kwa hiyo kutakuwa na siku chache ambazo mtoto atakuwa na vyote, miguu na nafsi yake. Chache.

Siku hizo zilianza asubuhi moja kwa ukelele jikoni.

"Ai! Bibi! Mguu wangu! Nani kaniwekea moto kwenye mguu?"

Ilikuwa ile pini. Kidonda kilikuwa kimemngoja mwenyewe arudi. Elinipa alilia machozi ya kweli, akakasirika, akataka kujua kwa nini aliachwa atembee na chuma mguuni kama farasi. Na siku zile ambazo angeweza kukimbia na kufurahia kukimbia, akawa anachechemea.

Hakuzikosa hata hivyo. Alichechemea mpaka kwa Mzee Sifaeli, akamwambia ile suruali si kwamba imebana, imechoka kumbeba. Yule mzee alikaa chini kwenye ngazi yake akacheka huku anajifuta macho kwa kofia. Alichechemea mpaka ukingoni mwa shamba la migomba, mahali ambapo ukungu ukifunguka unaona Ziwa Jipe kule chini limelala, na Bibi Namvua akamfuata nyuma na kiti cha kukunja, maana alishaanza kuona magoti ya mtoto yanavyosita.

Wakakaa, bibi kwenye majani, mtoto kwenye kiti.

"Bibi, nilikuwa najua wewe ni bibi yangu. Kama ninavyojua hii ni migomba."

"Basi ulikuwa unajua."

"Mkono wako unanipa chai, nakunywa. Nikienda shule sikukumbuki. Nikirudi sikufurahii. Nilikuwa naona hivyo ndivyo watu walivyo." Akavunja kijiti. "Mama aliulizwa?"

"Wakati wa mama yako hakukuwa na cha kumwuliza."

"Alikuwa anacheka?"

"Sana. Anacheka mpaka anakohoa, namwambia nyamaza, ndiyo anazidi."

Elinipa akamtazama bibi yake usoni muda mrefu, jicho hadi jicho, kama anatafuta mahali uzi ulipokatikia.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe huchekagi, Bibi. Hata siku nilipotembea hukucheka. Wewe nani alikubandika?"

"Hakuna aliyenibandika."

"Nionyeshe."

Na Bibi Namvua, mwanamke mzima, akapandisha mkono wa gauni lake mpaka begani, pale shambani. Mtoto akalikagua bega lote, mbele na nyuma, akapitisha kidole. Ngozi tupu, na alama ya chanjo ya zamani.

"Hamna," akasema Elinipa, kama mtu aliyesikitika.

Ukungu ulifunga, ziwa likapotea. Bibi akashusha mkono wa gauni.

"Kesho daktari anakuja," akasema. "Anataka neno lako."

"Nisirudishiwe."

"Hutatembea, Eli."

"Najua."

"Na baadaye kifua..."

"Najua, Bibi, alikuwa anasema mbele yangu. Nilisikia, sikujali. Sasa najali." Akavifumbata vile vipande vya kijiti. "Naogopa sana."

"Kama unaogopa kipo kwenye kopo. Nakibandika sasa hivi."

"Ukikibandika sitaogopa," akasema mtoto, machozi yanamtoka. "Ndiyo maana sikitaki."

Aliporudi nyumbani, Elinipa alirudi mgongoni mwa bibi.

*

Daktari Mshana alikuta kichupa kimewekwa mezani, mahali pa wazi. Bibi Namvua alikuwa amekitoa kwenye kopo mapema, kwa sababu mara mbili alikuwa amejikuta amesimama na kopo mkononi, kifuniko kimefunguka, na mtoto amelala bega wazi. Hakuwa ameamua kwenda pale. Miguu ilimpeleka tu. Basi akaona kichupa kikae machoni pa watu.

Daktari alimuuliza Elinipa tena, kwa sheria, na Elinipa akajibu kwa sauti, akaongeza kwamba daktari akiinama hivyo kila mlango atakuwa kibyongo kabla ya kuoa. Daktari akakitia kichupa mfukoni. Mlangoni aliinama.

"Nitakuja kila mwezi, bibi."

"Karibu, mwanangu. Safari njema."

Akabaki na futi shingoni. Sare ile yenye pindo haikumfaa tena mtoto wa kulala. Ilitaka kufunguliwa mgongoni, iwekewe vifungo pembeni, ivuliwe bila kumwinua. Alizijua nguo hizo, alikuwa amezishona. Akapiga magoti mkekani, akanyoosha futi kutoka begani. Mara ya mwisho kumpima mtu mzima amelala alikuwa akimpima Nanzia, gauni jeupe la mwisho, na vidole vyake siku ile havikutetemeka, na watu walimsifu kwa uvumilivu.

"Bibi, futi lina baridi! Unanitekenya!"

"Tulia nikupime."

"Siwezi kutulia, unanitekenya!" Na kicheko kikamtoka mpaka akakohoa.

"Nyamaza," akasema bibi, na mtoto akazidi.

Akachukua khaki, akaanza kubana upande na pini. Pini moja ikateleza ikamwingia kwenye kidole gumba, ndani kabisa, chini ya ukucha. Akaichomoa, akaichomeka mahali pake, akaendelea.

"Imekuchoma," akasema Elinipa.

"Haijaniuma."

"Damu hiyo. Sema ai."

"Eli, niache nifanye kazi."

"Sema, Bibi. Mimi husema."

"Ai," akasema Bibi Namvua, kwa sauti ya mtu anayejaribu gauni la mwenzake.

"Siyo hivyo. Hiyo ya uongo. Tena."

"Ai."

"Tena."

Akafungua mdomo aseme mara ya tatu ili mtoto anyamaze. Sauti iliyotoka haikuwa ile aliyoiandaa. Ilitoka chini sana, na ilipotoka haikukubali kukatwa. Bibi Namvua akaangusha khaki, akashika mdomo kwa mikono yote miwili, haikusaidia, ikawa inapita kwenye vidole. Akalia mkekani kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.

Elinipa hakumwambia anyamaze. Alinyoosha mkono mmoja, akashika pindo la gauni la bibi yake, na kwa mkono wa pili akachukua kijiti chake cha sumaku, akaanza kutafuta pini zilizomwagika.